Mapaja ya Jogoo wa Sipai

Mwaka 1970 Awa binti Buanali alikuwa mjane wa mwanamume mzima, mwenye afya yake, ukiacha homa iliyokuwa ikimrudia kila mvua zilipoanza. Ujane huo aliupata kwa utaratibu kamili. Mumewe, Ussumane, alitoka na mtumbwi kwenye ghuba ya Tungue, mtumbwi ukaonekana unaelea mtupu, na ukoo mzima ukalia. Mwalimu wa chuo cha Kurani akasoma hitima. Watu wakala wali. Awa akaingia eda, kajitanda kaniki, hachani nywele wala hapaki wanja, mpaka muda wa sheria ukatimia. Alilia kwelikweli, maana kila akichungulia uani aliona mchele wake unavyoteketea katika sufuria za waombolezaji. Ussumane wakati huo alikuwa ng'ambo ya Ruvuma, kambini kwa wapigania uhuru, anafundishwa kuvunja bunduki na kuiunga tena. Kwa ile eda ya uongo Awa aliomba msamaha, akaamini kwamba Mungu, ambaye Wareno anawajua, angeelewa.

Serikali ya Wareno nayo iliridhika. Ilikuwa na imani kubwa na wafu. Mtu aliyekufa hatafutwi, na mkewe haitwi ofisini kupigwa viganja kwa palmatoria, kile kibao chenye matundu ambacho serikali ilikitumia pale maswali yake yalipokosa majibu.

Awa na majirani zake walikuwa wamekusanywa katika kijiji kilichozungushiwa seng'enge, nje kidogo ya Palma, upande wa njia ya Olumbi. Waliambiwa seng'enge ile ni ya kuwazuia maadui wasiingie. Nguzo zake ziliinamia ndani. Asubuhi lango lilifunguliwa watu waende mashambani, jioni walisimama mbele ya milango yao wakahesabiwa, na mwenye kuhesabu upande wa Awa alikuwa sipai mmoja, askari mwenyeji wa serikali, aitwaye Abacar, mtoto wa pwani ileile, Mwislamu wa kuswali, mwenye kofia nyekundu ya serikali na kaptula iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Tangu Awa atoke eda, Abacar alikuwa na kazi mbili kwake, kumchunguza na kumposa, na zote mbili alizifanya kwa uso uleule. Awa alimwita "kaka". Alilitumia neno hilo kama watu wanavyoweka mti mlangoni usiku.

Ijumaa moja, watu walipotoka msikitini, Abacar alipiga hodi na jogoo mkononi, kamning'iniza kichwa chini.

"Karibu, kaka Abacar."

"Kaka, kaka. Mama yangu kafa hajaniambia kama nina dada mwenye mwendo huu."

"Mama yako alikuwa mtu wa siri."

"Leo sikuja kikazi, Bi Awa. Nimekuja kula." Akamwinua jogoo. Jogoo wa nani, hakusema, na Awa hakuuliza. Masipai hawakuwa wakinunua kuku. Walikuwa wakikutana nao njiani. "Nataka mapaja ya kuchoma. Ya tui na pilipili kichaa, kama yale uliyokuwa ukimchomea marehemu. Harufu yake ilikuwa ikifika barazani kwangu, nami nimekaa na ugali mkavu, natowelea harufu."

Marehemu alikuwa darini.

Alikuwa darini tangu alfajiri ya jana, juu ya banda la jikoni, kwenye ile dari ya fito inayowekwa mahindi yapate moshi yasibunguliwe. Waliomtuma walitaka chumvi. Chumvi aliipata, lakini homa nayo ikampata, na aliyetarajiwa kuingia na kutoka gizani akawa amelala baina ya magunzi, anatetemeka, kifua kinakwaruza. Mpango wao ulikuwa mmoja tu. Jua likizama, masipai wote wakiwa mitaani wanahesabu watu, Ussumane angepita kwenye mtaro wa maji ya mvua uliopenya chini ya seng'enge upande wa mikoko. Hakukuwa na saa salama zaidi ya kutoroka kuliko saa ya kuhesabiwa. Mpaka saa hiyo alichotakiwa kufanya ni kulala kimya, na alichotakiwa Awa ni kutokuwa na mgeni.

"Sina nazi leo, kaka."

"Ile nini pale, chini ya kitanda cha uani?"

"Mkaa umelowa."

"Vifuu vile vimekauka mpaka vinalia."

Usipai ulikuwa umemfundisha kuona vitu vya watu. Awa akaona kwamba kukataa zaidi kutaonekana. Mjane asiyetaka mume ni jambo la kawaida. Mjane asiyetaka kuku ni jambo la kuchunguzwa.

Abacar alimchinja jogoo mwenyewe, kamwelekeza kibla, kapiga bismillahi kwa sauti ya mtu anayejua kuwa majirani wanasikia. Awa akatia maji moto, akanyonyoa, akapasua. Mapaja akayakata pamoja na mguu mpaka kwenye kifundo, akayachanja mifereji kufika mfupani, akayasugua chumvi, ndimu na kitunguu saumu. Kidari, shingo na mbavu akaweka kando. Firigisi akaipasua, akaichubua ile ngozi yake ya manjano, akaiosha, akaitia chumvi, akaichomeka kwenye kijiti na kuibanika pembeni ya makaa. Ilipoiva akaiweka kwenye kisahani, juu yake akafunika kibakuli. Hayo yote aliyafanya akili yake iko darini. Mikono ilijifanyia yenyewe.

Kwa watu wa pwani ile, kuku ana mipaka kama shamba. Paja ni la mgeni. Shingo na mgongo ni vya watoto na wapishi. Firigisi ni ya mwenye nyumba. Mwanamke anaweza kumnyima mumewe maneno mwezi mzima, lakini firigisi hamnyimi, na yeye mwenyewe haili, tangu alipoambiwa utotoni kwamba mwanamke mla firigisi huota ndevu. Akimpa mwanamume asiye baba yake wala ndugu yake, basi ameshamjibu. Hapana haja ya kupeleka mshenga. Kwa miezi na miezi Awa hakuwa amechinja kuku. Lakini sasa kulikuwa na mwanamume nyumbani, na mikono ilijua.

Abacar alikuwa akiutazama wavu wa kuchomea. Awa aliusuka mwenyewe kwa kipande cha seng'enge, miiba ameinyofoa kwa jiwe.

"Waya huu naufahamu."

"Ulianguka, kaka."

"Waya wa serikali hauanguki."

"Basi ulijilaza."

Abacar akacheka, tena cheko la mtu aliyeridhika. "Ukishakuwa wangu, waya huu utakuwa halali. Utakuwa umerudi serikalini."

Awa akayaweka mapaja juu ya wavu, juu ya seredani iliyojaa makaa ya vifuu, pale uani. Na hapo manyunyu yakaanza.

Hayakuwa manyunyu ya kumkimbiza mtu. Awa akasema hayo hayo. Lakini Abacar alishaangalia kaptula yake, akaangalia mbingu, akakunja gunia, akaikamata seredani kwa pande mbili na kuibeba mwenyewe, mapaja na wavu wake, mpaka ndani ya banda la jikoni. Akaitua katikati ya sakafu. Juu yake, kwa kimo cha mtu mmoja mrefu na mkono wake, zilikuwa fito za dari.

"Humu moshi utakutoa machozi," Awa alisema.

"Machozi ya kuku nani aliyewahi kuyakataa?" Akavuta kibao cha mbuzi ya nazi, akakaa mlangoni, nusu ndani, nusu nje. Alikaa hapo kwa makusudi. Alitaka wapita njia waone kofia nyekundu mlangoni kwa Awa.

Kuchoma paja si kazi ya mwenye haraka. Nyama yake imefunga mfupa, na moto mkali huunguza ngozi na kuacha damu ndani. Inatakiwa makaa yaliyokwisha kutulia, ugeuze, upake tui, ungoje, ugeuze tena. Awa aliyajua hayo kuliko alivyojua sala zake. Sasa alitaka paja moja tu duniani liive kwa kutishwa. Akayakusanya makaa chini ya wavu, akapepea.

"Taratibu, Bi Awa. Likija na damu mfupani nalirudisha. Mimi mgeni mgumu."

Akapunguza moto. Kwa hiyo mgeni mgumu angekaa zaidi. Kila alipogeuza paja, tone la mafuta lilianguka kwenye makaa, moshi mweupe ukapanda, ukatafuta njia katikati ya fito, ukapotea juu. Hakuthubutu kuufuata kwa macho. Alisikiliza. Gunzi moja lilijisogeza juu ya jingine, basi.

"Pilipili iko wapi?" Abacar aliuliza.

"Tutapaka mwisho."

"Ya mwisho ni ya kuchovya. Mimi nataka iliyoingia."

"Ikidondokea makaa itatutoa roho, kaka."

"Marehemu ulikuwa ukimtoa roho, mimi kaka yako unanionea huruma?" Akanyoosha mkono, akachukua kinu kidogo ambamo Awa alikuwa ametwanga pilipili kichaa, akakimimina chote kwenye bakuli la tui, akakoroga kwa kidole, kidole akakilamba, akavuta pumzi baina ya meno.

Awa alichovya fungu la makumbi ya nazi kwenye tui lile jekundu. Alijua kinachofuata. Mke wa mtu yeyote wa pwani anajua: pilipili ikidondoka motoni, hata mbuzi wa jirani hukohoa. Akapaka paja la kwanza. Tone likaanguka, makaa yakanguruma, moshi ukapanda kuelekea fito.

Hapo aliona jambo moja tu la kufanya, nalo halikuwa la busara. Akapaka zaidi. Akapaka kama anayepaka chokaa ukuta wa serikali. Akashika kipepeo, akapepea si kwenye makaa bali juu ya wavu, kuelekea mlangoni, na moshi wote uliokubali kuelekezwa akampelekea Abacar usoni. Abacar akakohoa. Awa akakohoa kwa nguvu zaidi, akaongeza na kupiga chafya. Alikohoa kila namna aliyoijua: ya mtoto, ya mzee, ya mtu mwenye tumbaku. Kama kilitoka kikohozi kingine kutoka mahali pengine, kilikuwa na wenzake wa kukificha.

"Mnachoma kuku au mnafukuza nyuki?"

Alikuwa Luzia, jirani wa ukuta kwa ukuta, Mmakonde aliyeletwa kutoka nyanda za juu kwa lori la jeshi na kuambiwa kwamba ameokolewa. Shamba lake lilichomwa wakati wa kuokolewa. Alikuja na kigae mkononi kuomba moto, kajifunika kanga kichwani, pua kaibana.

"Ingia shoga, ingia," Awa alisema, na hakuwahi kumpenda mtu kama alivyompenda Luzia saa ile.

"Niingie nife? Eh, shemeji Abacar! Umeshahamia?"

"Bado," alisema Abacar, anafuta macho kwa kofia ya serikali. "Napima nyumba."

"Pima na mapafu yako. Mwanamke anayekupikia hivi, ama anakutaka sana ama anataka kukuzika."

"Mtani wangu, wewe toka ulipoletwa hapa hujawahi kusema neno jema."

"Toka nilipoletwa hapa sijawahi kuona la kulisemea."

Luzia akachutama karibu na Awa, akatega kigae. Awa akamtilia makaa polepole sana, kaa kwa kaa, akamwambia angoje kidogo apate na shingo ya kuku. Hakutaka kubaki peke yake. Luzia akamtazama, akaangalia koleo linavyorudi na kaa moja baada ya jingine, akakaa. Kama alifikiri lolote, alilikalia.

Mapaja yakaanza kuiva. Ngozi ikajikunja, ikawa na rangi ya udongo wa kichuguu, na tui likaganda juu yake kwa viwimbi vidogo vyeusi. Awa alichoma kijiti kwenye kiungo cha mfupa, kijiti kikatoka kikavu. Akayaweka kwenye sinia na ugali wa muhogo, akamsogezea mgeni maji ya kunawa, akayatupa makaa nje kwenye matone ya mvua kabla mtu hajamuuliza kwa nini. Moshi ukaanza kukonda. Juu kimya.

Abacar alikula paja la kwanza kwa heshima zote. Alianzia nyama ya nje, akazunguka, akafika kwenye mishipa, akaing'oa kwa meno ya pembeni, akavunja kichwa cha mfupa na kufyonza. Pilipili ilimtoa jasho mpaka kwenye kofia. Awa aliomba moyoni ale la pili upesi, ashibe, aende. Mwanga wa mlangoni ulikuwa umeshaanza kufifia.

"Chumvi kidogo tu," Abacar alisema, akaangaza macho pembeni ya mafiga, akaona kile kibakuli juu ya kisahani, akakifunua.

Ilikuwa pale, kahawia, imekunjamana, peke yake katikati ya kisahani.

Abacar aliweka kibakuli chini. Kisha akauliza, kwa ile sauti ambayo hakuja nayo, sauti ya ofisini:

"Firigisi hii umemwekea nani?"

Luzia aliacha kugeuza makaa yake.

Awa alikuwa na majibu, na kila moja lilikuwa shimo. Akisema "wewe", basi ameolewa mbele ya shahidi, na mumewe anasikia. Abacar angerudi kesho na mkeka wake, na leo asingeondoka kabisa. Akisema "nilisahau", hakuna mwanamke anayesahau firigisi chini ya kibakuli, imebanikwa, imetiwa chumvi, imefunikwa. Akisema "ya Luzia", huyo ni mwanamke mwenzake. Na kunyamaza kulikuwa jibu lenye jina ndani yake. Sipai hakuhitaji kusoma alama za miguu mtaroni. Mwenye nyumba alikuwa ameandaliwa fungu lake.

Akanyoosha mkono, akaichukua firigisi, akaitia kinywani.

Ilikuwa ngumu, imepoa, na ina chumvi nyingi kuliko alivyokusudia. Akaitafuna. Katika banda lile hakukuwa na sauti nyingine. Alitafuna muda mrefu, macho kamkazia Abacar, mpaka taya likauma, akaimeza.

"Yesu na Maria," alisema Luzia.

"Mwanamke hali firigisi," alisema Abacar. Alisema kama mtu anayemkumbusha mwenzake kwamba jua hutoka mashariki.

"Firigisi ni ya mwenye nyumba, kaka?"

"Ndiyo."

"Jioni ukija kuhesabu watu, ukifika mlangoni pangu unaitaje?"

Abacar aligeuka kuangalia mlango.

"Unaita 'mwenye nyumba, toka nje'. Anatoka nani?"

"Hilo ni neno la kazi tu, Bi Awa."

"Siku ya kufyeka njia ya malori, mmeita mwenye nyumba, nimefyeka mimi. Siku ya kuchimba mtaro nimechimba mimi. Serikali yako imenifanya mwenye nyumba, kaka. Firigisi yenyewe serikali haijasema apewe nani, kwa hiyo nimekula."

Luzia aliangua kicheko. Alicheka mpaka akakalia matako, kigae kikamponyoka, makaa yakatawanyika sakafuni. "Posa imeliwa! Shemeji, posa imetafunwa, imemezwa! Nikifika kisimani mimi nitasema nini?" Na kila aliyekuwepo alijua atasema nini, na kwamba kabla ya maghrib kijiji chote ndani ya seng'enge kitakuwa kinajua kwamba Awa alikula firigisi mbele ya sipai.

Abacar alibaki na mikono yenye mafuta, kaitandaza mbele yake kama mtu asiyejua aiweke wapi. Kicheko cha Luzia kikaisha. Pakawa na ule utulivu unaokuja baada ya kicheko kirefu.

Ndani ya utulivu huo, juu yao, mtu akakohoa.

Kilikuwa kikohozi kifupi, kimebanwa kwenye nguo, kikafa hapohapo. Gunzi moja likabingirika, likapita kwenye uwazi wa fito, likaanguka sakafuni karibu na goti la Abacar.

Luzia alifungua mdomo aseme paka, akaufunga. Awa hakusogea. Aliona mkono wa Abacar umefika kwenye mkanda, palipokuwa na filimbi ya kuitia wenzake. Filimbi ile ikilia, kambi ya askari haiko mbali.

Mkono ukakaa pale.

Abacar aliangalia dari. Akaangalia gunzi. Kisha akaangalia chini, kwenye sinia, palipokuwa na mfupa aliokwisha kuuvunja na kuufyonza, na Awa akaona wazi hesabu inavyompita usoni. Shefi wa posto, Mreno mkuu wa eneo, angeuliza: sipai alikuwa wapi? Alikuwa ameketi kwenye kibao cha mbuzi, chini ya adui. Anafanya nini? Anakula paja. Amelichoma nani? Mke wa adui, juu ya waya wa serikali. Kwa muda gani? Paja ni nyama ya kungojewa. Na jogoo ameletwa na nani? Palikuwa na masipai waliokwisha kupigwa viganja mpaka vikapasuka kwa makosa madogo kuliko hayo, na watu waliokamatwa pamoja na maadui zao, wakasahaulika nao katika selo moja. Au labda hakuwaza hayo hata kidogo. Awa hakuja kuamua kamwe.

Abacar akavuta maji, akanawa. Alinawa vizuri, kidole kwa kidole. Paja la pili hakuligusa.

"Dari yako ina panya, Bi Awa."

"Wako wengi mwaka huu," Awa alisema.

"Kesho asubuhi nitakuja na wenzangu tumtafute. Hiyo ni kazi, sitaweza kuiacha." Akavaa kofia, akaibonyeza. "Leo nimeshiba."

Akatoka mvuani. Alipofika njiani wakamsikia akimfokea mtu aliyeacha mbuzi wake akate kamba.

Luzia akaokota makaa yake, moja moja. "Mimi nilikuja kuomba moto tu," alisema. "Moto nimepata." Akafika mlangoni akageuka. "Shoga. Kisimani nitasema habari ya firigisi peke yake. Hiyo inatosha kuwashughulisha mwezi mzima." Akaenda zake.

Awa alipanda ngazi ya fito na paja la pili mkononi, limefungwa kwenye jani la mgomba. Ussumane alikuwa amelala kifudifudi, shuka kaitia mdomoni, macho mekundu kama ya mtu aliyetoka kuzamia.

"Moshi wote ule nilijizuia," alinong'ona. "Pilipili yote. Kilichoniponza ni kutafuna kwako. Nikaona nitacheka, nikakohoa."

"Ungecheka tungekufa vilevile."

"Umekula firigisi yangu, Awa."

"Nimekula."

"Ilikuwaje?"

"Ngumu. Kula paja."

Akalila pale pale, gizani, kwa meno ya mtu ambaye kwa mwaka mzima amekula mizizi. Sauti ya filimbi ikalia langoni, ya kuita watu, si ya kukamata. Masipai wakatawanyika mitaani. Ussumane akashuka, akajifunga mfuko wa chumvi kiunoni. Hawakuagana kwa maneno. Alimgusa bega, naye akamsukuma. Kisha Awa akatoka nje, akasimama mbele ya mlango wake, na Abacar akafika, akaita kama alivyoita kila jioni, akamtazama mwenye nyumba anayejibu, akapita. Awa alisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi, masikio yote yako upande wa mikoko. Vyura walilia. Bunduki haikulia.

Asubuhi walikuja kweli: kabo mmoja wa Kireno, koplo wa jeshi, askari wawili wenye singe, na Abacar. Kabo akaonyesha dari kwa kidevu. Askari mmoja akakamata ngazi, lakini Abacar akamwondoa kwa bega.

"Nitapanda mimi. Mahindi haya naijua namna yalivyopangwa."

Awa alikuwa ameshusha mkeka. Ameshusha kibuyu cha maji, shuka, na jani la mgomba. Miguu ya Abacar ilipopotea juu ndipo Awa alipokumbuka mfupa wa paja alilokula Ussumane.

Alimsikia akitembea kwa magoti. Alimsikia akigeuza magunzi, akinyamaza, akigeuza tena. Alikaa huko muda mrefu kuliko dari ile ilivyohitaji. Kabo akawasha sigara, akapiga miayo. Awa aliutazama mlango, akapima umbali wake, akauona hauna maana.

Abacar akashuka, anakung'uta makapi kwenye magoti.

"Nada, meu cabo," alisema. Hakuna kitu.

"Panya?"

"Amehama."

Wakatoka. Abacar hakumtazama Awa, wala siku hiyo, wala siku nyingi zilizofuata, isipokuwa pale alipomhesabu. Posa haikutajwa tena. Wakaenda nyumba ya pili, ya tatu, kelele zikawa mbali.

Awa akapanda ngazi. Alitafuta kwenye pembe zote, akainua kila gunzi, akapapasa baina ya fito kwa vidole, akashuka akapepeta hata vumbi la sakafuni chini yake. Mfupa haukuwepo. Panya hubeba vitu, alijiambia. Lakini panya wa dari ile walikuwa wadogo, na paja la jogoo yule lilikuwa kubwa.